Siku Tuliyosafisha Nduwa

Hivi wewe, umeshawahi kuona mtu analia kwa sababu maji ni masafi? Mimi nimeona. Nimeona hapa hapa kwetu Marangu, kwenye nduwa yetu, na aliyelia ni mjukuu wangu, binti wa chuo kikuu, na waliosafisha hayo maji ni mimi na wenzangu wa mfongo. Vuta kigoda. Chai ipo kwenye chupa hapo, jimiminie, mimi magoti yangu yakishakaa hayaombeki.

Mfongo ni mfereji wetu, unaleta maji kutoka juu msituni. Nduwa ni bwawa lake. Maji yanajaa humo usiku, asubuhi mwenye zamu anazibua, yanateremka kihambani kwake, shamba la nyumbani, yananywesha migomba na kahawa, akimaliza anaziba. Nani alichimba hatujui, ni babu za babu wa watu. Sisi tunajua kutunza tu.

Sasa huyu mjukuu, mtoto wa binti yangu anayekaa Moshi mjini, alikuwa analetwa kwangu kila likizo. Watoto wengine wakiona nduwa wanatafuta mawe ya kurusha. Yeye analala kifudifudi ukingoni, pua inakaribia kugusa maji, kimya. Mimi nimemshika mguu.

"Wewe! Utatumbukia!"

"Bibi, kuna vitu vinatembea."

"Ni viluwiluwi hivyo."

"Vidogo kuliko viluwiluwi."

Naangalia, sioni kitu. Nikasema moyoni, huyu mtoto ama ana macho ama ana uongo. Kumbe ana macho.

Amekua, amesoma, amefika chuo kikuu, amemaliza, ameambiwa aendelee tena. Mimi niliishia darasa la tatu, nikatolewa nikakate majani ya ng'ombe, basi kila akisema "naendelea" mimi nashangilia tu, sijui mbele kuna nini. Krismasi ilipofika akapanda huku kama wote wanavyopanda. Unajua sisi, Krismasi hata aliye Dar na hana nauli anafika. Wenzake wako uani na nyama ya mbuzi na pombe ya ndizi, yeye amevaa gauni lake jipya, ameshika vichupa, anashuka nduwani. Babu yake, mume wangu, akampigia kelele kutoka kwenye kiti chake:

"Wenzako wanachota mbege, wewe unachota maji ya vyura?"

"Babu, ninayemchota mimi namthamini kuliko mbuzi wako."

"Sawa, lakini usimlete mezani!"

Kesho yake tulikuwa jikoni tunachagua makande, ungo uko kati yetu, nikamwambia haya, nieleze unachosomea, ili wakiniuliza kanisani nisije nikasema unasomea vyura. Akacheka. Akasema, "Bibi, humo nduwani kuna mdudu ambaye mwili wake wote ni chembe moja. Wewe una chembe nyingi, za ngozi, za damu, za macho. Yeye ni hiyo moja tu, na hiyo hiyo inakula, inatembea, inazaa."

"Inatembeaje bila miguu?"

"Ana vinyweleo. Amejaa vinyweleo. Vingine vimefungwa pamoja fungu fungu kama ufagio, na hivyo ndiyo miguu yake. Anatembelea fagio."

Mae! Mdudu anatembelea fagio! Niliweka ungo chini nikacheka mpaka machozi. Lakini yeye hakuwa anatania. Akachota punje za mahindi na maharage, akaanza kuzipanga kwenye ungo, haragwe moja, hindi moja, haragwe, hindi.

"Kila kinyweleo ndani yake kuna mirija," akasema, "na mirija imejengwa kwa matofali ya aina mbili. Haragwe tuite alfa, hindi tuite beta. Haya hayakai moja moja. Yanashikana mawili mawili, halafu hizo jozi zinapangana mstari, mistari inasimama bega kwa bega inazunguka, unapata mrija. Matofali yenyewe, yote mawili, jina lake tubulini."

"Alfa na beta wanaoana," nikasema.

"Eeh, ni kama ndoa."

"Kama mimi na babu yako. Mimi Mlutheri, yeye Mkatoliki, tumeshikana mpaka tumekuwa ukuta."

Babu alikuwa anapita na ndoo ya maziwa. Akachungulia ungo. "Mnacheza bao na chakula changu?"

"Tunajenga miguu ya mdudu," nikamjibu. Alitutazama, akaendelea na safari yake.

Mjukuu akaniambia kwamba maagizo ya kufyatua hayo matofali yameandikwa ndani ya mdudu mwenyewe, yanaitwa jeni, na kazi yake yeye ni kuyasoma. Yameandikwaje, na yanaitwa kazini saa ngapi. Na kwamba mdudu huyu ana viini viwili, kidogo na kikubwa. Kile kidogo kinatunza maagizo yote ya ukoo, hakifanyi kazi ya kila siku, kinasubiri wakati wa kurithisha. Kile kikubwa ndicho kinachotumika kutwa kucha.

Hapo nikamnyoshea kidole juu, kwenye dari, pale ninapotundika mbegu zangu juu ya moshi. Maharage ya kupanda yananing'inia pale, hayaguswi hata nyumba ikikosa mboga. Ya chungu yako kwenye debe, hayo tunachota.

"Kama vile?" nikamwuliza.

Akaangalia juu, akaangalia debe. "Bibi, kama vile kabisa."

Nilijisikia raha wewe, kama nimepewa cheti.

Basi akaondoka na vichupa vyake. Kule chuoni wadudu wakazaana vizuri, akawa ananipigia simu kunipa habari zao kama watu wanavyotoa habari za watoto. Wanakula. Wamejaa. Ameanza kusoma maagizo ya tubulini yao, amefika mahali pazuri. Mimi naitikia, "Asante Mungu, wasalimie."

Halafu kiangazi kikaja, mwezi wa tisa, simu ikalia, ni yeye. Sauti ilikuwa imekauka. Umeme ulikatika kule chuoni siku za mapumziko, chumba cha wadudu kikapata joto kama tanuri, alipofungua mlango wote walikuwa wamekufa.

"Wote?"

"Wote, Bibi. Nakuja kuchota tena nduwani. Lazima niwapate wale wale. Mwalimu wangu amesema nikirudi mikono mitupu, basi nichague mdudu mwingine nianze mwanzo, na yote niliyoyasoma kwa huyu yanabaki hapo hapo."

"Njoo," nikasema, "maji yapo."

Mimi nilichosikia ni nini? Nilisikia mjukuu wangu anakuja kuchukua maji ya nduwa yetu kuyapeleka chuo kikuu. Sasa niambie wewe. Kwenu mgeni wa heshima akija mnafanyaje? Si mnafagia uwanja? Utampaje mtu kikombe kichafu? Nduwa ilikuwa na tope la misimu na misimu, majani yameoza, kijani kimetanda juu. Niliona aibu. Nikaenda kwa mwenyekiti wa mfongo.

Huyu mwenyekiti ni mzee mwenzetu, mrefu, ana koti moja la heshima na pembe moja ya kuitia watu. Vijana walimshauri atumie simu, aandike ujumbe kwa kundi. Akawaambia, "Simu inaisha chaji. Pembe haiishi." Akipuliza alfajiri, hata aliyelala na viatu anatoka. Nikamweleza: maji yetu yanakwenda chuo kikuu. Akavaa koti pale pale.

"Chuo kikuu? Maji yetu?"

"Yetu."

"Na tope lile?"

"Ndilo nililokuja kusema."

Alipuliza pembe asubuhi yake. Wakatoka wote. Wanaume wakafungua nduwa maji yakaisha, wakaingia na majembe. Sisi wanawake tukabeba tope kwa ndoo kichwani, kila mmoja kihambani kwake, maana tope la nduwa ni mbolea tamu, mgomba ukilipata unanenepa kama mchumba. Tukasugua mawe. Nasema tukasugua, kwa brashi, na majivu! Tulipomaliza tukanywa mbege, mwenyekiti akatoa hotuba kuhusu elimu, ndefu kuliko kazi yenyewe. Maji yalipojaa tena ungeweza kuona jiwe chini kabisa. Nilisimama pale nikasema, aisee, hata Moshi mjini hawana maji kama haya.

Wiki iliyofuata mjukuu akafika. Amebeba begi, na sanduku dogo amelikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, ndani yake hadubini, ile mashine ya kukuza vidogo, ameazimwa na mwalimu wake. Akaniamkia, "Shikamoo Bibi," akamwamkia babu, hata chai hakunywa, akateremka nduwani. Mimi nyuma yake, na mwenyekiti alishafika na koti lake kupokea shukrani.

Akasimama ukingoni.

Maji yanametameta. Jua limeingia mpaka chini.

"Bibi," akasema polepole, "nduwa imefanywa nini?"

"Tumekusafishia!" mwenyekiti akajibu kwa sauti ya mkutano. "Mfongo mzima! Hakuna tope hata la kuweka kwenye kijiko!"

Mjukuu akakaa chini kwenye nyasi. Akaweka sanduku pembeni taratibu, akafunika uso. Mwanzoni nilidhani ni furaha, watu wengine furaha inawatoa machozi. Halafu nikaona mabega.

"Wadudu wangu walikuwa wanakaa kwenye tope, Bibi. Chini, kwenye majani yaliyooza. Hapa wanakula nini? Wanajificha wapi?"

Yaani mimi moyo ulianguka ukalowa. Mwenyekiti akavua kofia. Tukasimama kama watu waliochelewa kwenye ibada. Akachota hata hivyo, akaweka tone kwenye kioo, akatazama, akachota pengine, akatazama. "Kuna wengine wadogo wadogo," akasema. "Wale wangu hawamo."

Mwenyekiti akaondoka. Nikadhani amekimbia. Kumbe amekwenda kwenye ua, akachuma jani la isale, akarudi nalo ameshika kwa mikono miwili. Unalijua isale? Ni ule mmea mrefu tunaopanda mipakani. Kwetu mtu akikuletea jani la isale anakuomba radhi, na halikataliwi, hata kama amekuvunjia nyumba. Mzee mzima yule, na koti lake, akainama mbele ya mtoto wa juzi.

"Mwanangu, ni kwa niaba ya mfongo wote. Tulifikiri tunakupenda."

Mjukuu akapokea. Unafikiri angefanyaje? Akapokea, akacheka huku kamasi zinamtoka, akasema, "Na mlinipenda kweli, mzee wangu. Mmenipenda mpaka mawe yanang'aa."

Tukapanda nyumbani. Babu alikuwa amekaa nje, akasikia habari yote, akanuna kwanza, halafu akasema maneno yake ya siku zote, "Mimi nilisema tangu mwanzo tope lile linanuka. Sasa hivi mnalililia, na mmelijaza nyuma ya banda langu la ng'ombe, siwezi hata kupita."

Mjukuu akageuka. "Babu, umesema liko wapi?"

"Kwenye migomba. Bibi yako alibeba kama anahamisha mlima."

Nikaona uso wake umebadilika. Akanishika mkono. "Bibi, lile tope mlilifunika? Limekauka?"

"Nimelitandaza, nikaweka majani makavu ya mgomba juu. Juu limekauka, linapasuka pasuka."

"Limekauka!" akasema, kama nimemwambia limegeuka dhahabu, akakimbia.

Huko nyuma ya banda, amepiga magoti kwenye mbolea na suruali yake ya mjini, ndipo aliponieleza. Huyu mdudu wake, bwawa likikauka, hafi hivi hivi. Anajikunja anakuwa mviringo. Vinyweleo vyote, fagio zote, anaviyeyusha mwenyewe, anavirudisha ndani. Anajijengea ganda, analala humo, jua limchome, upepo umpeperushe, yeye kalala. Siku akipata maji anaamka. Lakini hakujua kama wake wamewahi kujikunja, au waliwahiwa na jua kabla. Na nafasi yake ilikuwa mpaka Jumatatu, basi la chuoni lilikuwa alfajiri.

Kuanzia hapo jikoni kwangu hapakuwa jiko. Alichemsha majani makavu ya ng'ombe, akapata maji ya rangi ya chai ya kuwaamshia, akayapoza, akachanganya na tope kidogo kidogo kwenye glasi zangu, zile za wageni, akazipanga dirishani. Babu akaingia, akazitazama.

"Hii nyumba imekuwa kilabu."

"Usiguse, Babu."

"Nani aguse? Hata mlevi wa sokoni haigusi hii."

Akagusa. Glasi moja alidhani ni maji ya kuoshea vyombo, akamwagia maua. Sitaki kukuambia maneno niliyompa, na Kanisa Katoliki linisamehe.

Mjukuu anatazama asubuhi, anatazama mchana, anatazama jioni kabla jua halijaondoka dirishani. Wanatokea wengine, wadogo, wenye haraka. Wake hapana. Chakula hali. Nilimpikia mtori wa ndizi, ule ninaoweka nyama ya mbavu, akalamba kijiko akarudi dirishani. Ili nisimwache peke yake nikakaa naye, nikawa namwuliza uliza. Ukiwa na mtu mwenye hofu, mpe nafasi ya kukufundisha, hofu inapata pa kukaa.

Nikamwuliza hicho kiini kikubwa cha kazi, ndani kikoje. Akatafuta mfano, macho yakatua kwenye kanga niliyojifunga.

"Bibi, kanga dukani zinakuja vipi?"

"Zinakuja jora. Ndefu."

"Kiini kidogo ni jora. Maagizo yote yako kwenye vitambaa virefu, yamechanganyika na vipande visivyo na kazi. Sasa kiini kikubwa kikitengenezwa, mdudu anachukua mkasi. Anakata, anatupa visivyotakiwa, anabakiza kila agizo kwenye kipande chake kifupi, peke yake. Agizo la alfa kipande chake, la beta kipande chake. Halafu anatoa nakala nyingi nyingi za kila kimoja."

"Na ncha zake? Kitambaa kikikatwa si kinafumuka?"

Akaniangalia. "Kila kipande anakipiga pindo, huku na huku, kisifumuke."

Mdudu usiyemwona kwa jicho, anakata jora na kupiga pindo! Mimi nilijifunza kupiga pindo kwa kuchapwa vidole. Yeye kafundishwa na nani? Nikasema Mungu wetu ni fundi, tena fundi asiyebakiza uzi ovyo.

"Na si hivyo tu," akaendelea, naona anaanza kuchangamka. "Namna anavyosoma maagizo. Kuna neno, sisi watu na wanyama na migomba tukilikuta kwenye agizo maana yake basi, koma hapo. Yeye akilikuta hilo hilo anaweka tofali jingine anaendelea."

Babu kutoka mlangoni, "Huyo ni bibi yako. Ukimwambia basi, ndiyo anaongeza."

Tulicheka hata tukasahau glasi.

Jumapili tukaenda ibadani, mimi na yeye Usharikani, babu kwenye misa yake. Niliomba, sikuficha, niliomba kwa ajili ya wadudu. Tuliporudi sikuvua hata kilemba. Alikwenda dirishani, akachukua tone kutoka glasi ya mwisho pembeni, ile yenye tope la chini ya majani ya mgomba, akainamia hadubini. Akakaa. Nikasubiri. Nikaona mkono wake unanitafuta hewani huku jicho halitoki pale.

"Bibi. Njoo. Taratibu, usipige meza."

Nikaweka jicho. Nikaona kitu cheusi, nyasi nyasi nyeusi, zinapepesuka.

"Nimewaona! Weusi hawa!"

"Hizo ni kope zako, Bibi. Rudisha kichwa nyuma kidogo."

Tukacheka, akaniambia hata wazungu waliovipa jina vile vinyweleo waliviita kope. Nikarudisha kichwa. Kukawa na mwanga, mviringo kama mwezi. Katikati kuna kijiyai. Ndani ya kijiyai kitu kinajizungusha. Kinasimama, kinajizungusha tena, kama mtu anayejigeuza kitandani alfajiri na hataki kuamka. Ganda likalegea upande. Kikachungulia. Kikajibana, kikajisukuma, kikatoka! Kirefu hivi, laini, pembeni kunametameta. Halafu wewe, kikaanza kutembea. Kwa fagio! Naapa nimeona fagio, zimesimama chini yake, zinakanyaga, kinakwenda mbele, kinarudi nyuma, kinageuka, kama mtu aliyepoteza funguo.

"Ndiye?" nikanong'ona. Sijui kwa nini nilinong'ona, kana kwamba atasikia.

"Ndiye."

Sikutaka kutoka pale. Babu akaja akasema nimpishe, nikamwambia akatazame maua yake.

Mjukuu alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, anafuta macho na upindo wa kanga yangu. Safari hii ilikuwa furaha. Akasema, "Bibi, unajua umeona nini? Alipolala hakuwa na kinyweleo kinachofanya kazi. Maagizo ya tubulini yalikuwepo yote ndani ya kiini, lakini kimya. Maji yalipomfikia, yakaitwa. Kile kiini kikubwa kikaanza kutoa nakala, alfa, beta, alfa, beta, matofali yakafyatuliwa, miguu ikajengwa upya. Mimi kule chuoni nilikuwa nawasoma wakiwa macho tu. Sikuwahi kufikiria kuwasoma wakiamka. Hapo ndipo tubulini inapoitwa kwa kelele."

"Kwa pembe," nikasema. "Watu wapo majumbani mwao siku zote, lakini mfongo hautengenezwi mpaka pembe ilie."

"Kwa pembe," akakubali.

Akaniambia na jambo jingine, hili nimeliweka moyoni. Ndani ya koo langu, kwenye njia ya pumzi, nina vinyweleo hivyo hivyo, vinafagia moshi wa jiko na kohozi kupeleka juu, tangu nizaliwe. Vimejengwa kwa alfa na beta. Matofali ya yule mdudu na yangu yanafanana karibu yote. Sasa nikikohoa asubuhi nasema asanteni, fagieni, fagieni.

Mchana ule akahamisha wale waliokuwa wameamka, mmoja mmoja, kwa kijimrija chembamba, ulimi nje kama alivyokuwa mtoto. Lile tope kavu akalifunga kwenye karatasi, mafungu mawili, moja la kwenda nalo, jingine akaniachia nilitundike darini, karibu na maharage ya mbegu. Mwenyekiti alikuja kutazama. Aliinamia hadubini na koti lake, akakaa muda mrefu, akainuka akasema, "Na hawa walikuwa wanachama wa mfongo miaka yote, hatuwapigii pembe?"

Jumatatu alfajiri nikamsindikiza mpaka njiani. Vichupa alivifunga kwenye kanga, akavikumbatia kifuani. Tulipopita nduwani akasimama. Maji yalikuwa bado masafi, yametulia. Mimi nikasema kwamba nimeyaonea huruma, yanaonekana kama nyumba iliyohamwa.

Akaniwekea mkono begani. "Bibi, nakuahidi. Wakishazaana kule, Krismasi napanda nao. Nitakuletea chupa nzima, tutashuka hapa mimi na wewe, na wewe ndiye utakayewamwaga. Ila uniahidi na wewe, usimwambie mwenyekiti asugue mawe."